Kompyuta ya kikundi imeharibika diski: okoa mafaili kwanza, kisha ubadilishe

Katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na katika vikundi vya wenyeji wa Arua na Koboko pia, kompyuta moja mara nyingi hubeba kazi ya watu wengi. Ndani yake kuna hesabu za kikundi cha akiba, majina ya wanafunzi wa kozi, barua za kuomba kazi, picha za mikutano, na ripoti ambayo mfadhili anaisubiri. Halafu asubuhi moja unabonyeza kitufe, feni inavuma, na skrini nyeusi inaandika maneno machache ya Kiingereza na kubaki hapo hapo.

Makala haya ni kwa wale ambao kompyuta yao ni ya kipande kimoja, yaani ile ambayo skrini na mashine viko ndani ya ganda moja na hakuna sanduku la kuweka chini ya meza. Mafundi huiita ol-in-wan. Mifano ni HP ProOne, zile za Dell OptiPlex na Lenovo ThinkCentre zenye umbo hilo, na iMac. Diski yake, ambayo wengi tunaiita hadi diski, inaweza kubadilishwa bila kununua kompyuta nyingine, na kijana mwenye mikono mitulivu anaweza kuifanya kazi hiyo mchana mmoja.

Ila mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama utabaki na kitu. Huduma inayouzwa kwa urahisi zaidi madukani ni kuweka Windows upya juu ya diski ileile. Mashine itawaka, utalipa, utarudi nyumbani umefurahi, kisha utagundua kwamba hesabu za miaka mitatu zimeandikwa juu yake. Kwa hiyo mtu akikuambia "nitaifomati tu", mwombe asubiri. Soma hadi mwisho wa sehemu ya kuokoa mafaili kabla ya kukubali.

Je, ni diski kweli?

Skrini ikiandika "Boot Device Not Found", "No bootable device found" au "Operating System not found", maana yake ni kwamba mashine imetafuta mahali pa kuanzia na haikupaona. Haisemi kwamba diski imekufa. Kuna sababu tatu za kawaida: waya umelegea, mfumo ulioandikwa kwenye diski umevurugika, au diski yenyewe imechoka. Mbili za kwanza hazihitaji diski mpya.

Anza kwa kuchomoa flashi zote, kisha washa tena. Utashangaa ni mara ngapi tatizo ni flashi tupu iliyosahaulika nyuma ya skrini, na mashine inajaribu kuanzia hapo.

Kama bado, zima, washa, na mara moja anza kubonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya ndani, ambayo mafundi huiita bayosi. Kwa HP ni F10, kwa Dell ni F2, kwa ThinkCentre nyingi ni F1. Tafuta orodha ya vifaa vya kuhifadhi. Kama jina na ukubwa wa diski vinaonekana, diski ina uhai na inawezekana kilichovurugika ni mfumo. Kama haionekani kabisa, ni waya au ni diski yenyewe. HP nyingi zina jaribio lake la diski ukibonyeza F2 wakati wa kuwaka; kwa Dell bonyeza F12 na uchague sehemu ya uchunguzi. Andika kwenye karatasi namba ya kosa inayotokea, au ipige picha kwa simu. Kwa HP, namba 3F0 ni ile ya kutoona pa kuanzia, na 301 ni onyo kwamba diski yenyewe imeripoti kuwa inakaribia kufa.

Sikiliza pia. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachopita juu yake bila kugusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa vumbi. Ukisikia mlio wa tik, tik, tik unaojirudia, kichwa hakipati njia. Zima wakati huohuo na usiiwashe tena "kujaribu mara moja ya mwisho". Kila dakika ya kuzunguka katika hali hiyo inaweza kukwaruza sehemu ambayo mafaili yako yamelala.

Kuna ushauri wa kuweka diski kwenye friji au kuipigapiga kwenye meza. Usiufuate. Usifungue pia diski yenyewe, hata fundi akikuhakikishia; sehemu hiyo hufunguliwa katika chumba kisicho na vumbi, na vumbi la West Nile wakati wa kiangazi tunalijua.

Umeme una mkono wake

Kwa miaka mingi, kabla ya West Nile kuunganishwa na gridi ya taifa, mji wa Arua ulitegemea kituo kidogo cha maji cha Nyagak kule Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5, pamoja na jenereta za dizeli. Makazini tunategemea sola. Kompyuta ya kipande kimoja, tofauti na laptopu, haina betri. Umeme ukikatika, inakatika papo hapo, na kama wakati huo diski ilikuwa inaandika, andiko linabaki nusu. Ndiyo maana katika eneo letu mfumo uliovurugika hutokea sana, na ndiyo sababu nyingine ya kutoharakisha kununua diski kabla ya kuichunguza.

Okoa mafaili kabla ya kufungua skrubu hata moja

Kama diski inaonekana kwenye bayosi na haipigi tik-tik, unaweza kuyatoa mafaili bila kufungua mashine. Unahitaji vitu viwili: flashi ya GB 8 yenye mfumo wa Linux unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi (Ubuntu au Linux Mint), na flashi nyingine kubwa au diski ya nje ya kupokea mafaili. Flashi ya kwanza hutengenezwa kwenye kompyuta nzima kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Faili la Linux Mint ni kama GB 3, kwa hiyo lipakue mahali penye intaneti ya ofisi au kituo cha vijana, usilipe bandeli ya simu kwa ajili yake. Flashi hiyo ikishatengenezwa haichakai. Vikundi vitano vinaweza kuazimana.

Chomeka flashi, washa, na ubonyeze F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo. Chagua flashi kwenye orodha. Ubuntu itakuuliza kama unataka kujaribu au kusakinisha. Chagua kujaribu. Hapa ndipo watu hukosea: kusakinisha kutaandika juu ya diski yako, kujaribu hakugusi kitu.

Skrini ikifunguka, nenda kwenye sehemu ya mafaili, ubofye diski ya ndani, kisha folda iitwayo Users, kisha jina la mtumiaji. Nakili Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Anza na kile usichoweza kukitengeneza tena. Hesabu za akiba kwanza, orodha za watu pili, picha na video mwisho, kwa sababu video moja ya harusi inaweza kuchukua saa nzima na diski ikafia hapo. Kama kompyuta ina watumiaji kadhaa, fungua folda ya kila mmoja. Kompyuta ikitumiwa na watu wengi, mara nyingi kazi muhimu iko kwenye jina la mtu aliyekwisha kuhama.

Diski ikisema imefungwa na inataka ufunguo, ni BitLocker. Ufunguo wake una tarakimu 48 na kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza, au kwenye ofisi iliyoitoa. Mtafuteni huyo mtu. Bila ufunguo, hakuna fundi wa Arua wala wa Kampala atakayeyasoma mafaili hayo.

Ukiwa bado ndani ya Linux, fungua programu iitwayo Disks na uangalie afya ya diski, sehemu ya SMART. Tazama mistari miwili: sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri. Zikiwa sifuri zote mbili, diski huenda ni nzima na tatizo ni mfumo peke yake. Zikiwa na namba, na ukirudia jaribio baada ya kunakili namba zimepanda, badilisha.

Kama diski inasoma kwa shida, inakwama kila mara, mpe fundi anayejua ddrescue. Ni programu ya bure ya Linux inayonakili diski nzima, ikianza na sehemu nzima na kurudia zilizoharibika baadaye. Faida yake kwetu ni kwamba huandika kumbukumbu ya ilipofika. Umeme ukikatika saa nane usiku, kesho inaendelea pale pale.

Diski gani inunuliwe

Ushauri wetu ni SSD. Haina sahani wala kichwa, haiogopi mtikisiko, inatumia umeme kidogo, na kompyuta ya miaka kumi ikiwekewa SSD huamka kama imezaliwa upya. Kasoro yake ni kwamba ikifa, inaweza kufa ghafla bila kupiga kelele ya kukuonya, na kuokoa vilivyomo ni kugumu zaidi. Basi usiiache iwe nakala pekee.

Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha kabisa kwa hesabu, barua na picha za kikundi. Wauzaji watakuonyesha TB 1. Kama fedha ipo, ni bora ununue SSD ndogo na diski ya nje ya kuwekea nakala kuliko SSD moja kubwa.

Kabla ya kwenda dukani, jua ganda lako lina nafasi ya diski gani. Kuna ndogo ya inchi 2.5, yenye upana wa sentimita 7, na kubwa ya inchi 3.5, yenye upana wa sentimita 10. SSD ya SATA huwa ni ile ndogo. Ikiwa nafasi yako ni ya kubwa, ulizia pia fremu ya chuma au plastiki ya kuishikilia. Plagi zake ni zilezile. Mashine mpya zaidi zina nafasi ya M.2, SSD nyembamba kama kipande cha chingamu, na hiyo ni bidhaa nyingine. Andika modeli kamili iliyoko kwenye stika ya nyuma na uende nayo dukani.

Jihadhari na bandia. Kuna flashi na SSD ambazo zimeandikwa TB 2 na ndani yake ni GB 64. Zinapokea mafaili yako yote bila kulalamika, kisha unapofungua hukuti kitu. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, huijaza yote na kuisoma tena ili kuthibitisha. Ifanye siku ileile ya kununua, kabla ya kuweka chochote. Dai risiti yenye namba ya siri ya kifaa na muda wa kurudisha. Duka likikataa kuandika, nenda la pili. Koboko maduka ya vifaa hivi ni machache kuliko Arua, kwa hiyo wa Lobule wanaweza kulazimika kufika Arua kwa barabara ya lami. Pigeni simu kwanza kuuliza kama kitu kipo.

Ukiuziwa diski iliyotumika, angalia saa zilizotumika kwenye SMART. Saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka mchana na usiku. Isichukue kazi ya kikundi hiyo.

Beba diski, acha skrini

Hapa tuna maoni ambayo mafundi wengine hawayapendi. Kitu cha thamani zaidi katika kompyuta ya kipande kimoja ni kioo, na kioo hicho hakipendi bodaboda kwenye barabara ya murram kutoka ndani ya makazi. Ikiwa mna mtu anayeweza kufungua kifuniko, itoeni diski, ifungeni kwa kitambaa laini ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, na mtu mmoja aende nayo mjini. Fundi haihitaji mashine nzima ili kunakili mafaili. Mtakuwa mmeokoa nauli na kioo pia.

Ikibidi mashine nzima isafiri, ifungwe kwa blanketi, kioo kikitazama godoro, na ibebwe kwenye gari.

Kuifungua

Kila kampuni kubwa hutoa mwongozo wa ukarabati bure, wa PDF wenye picha, kwenye tovuti yake. Tafuta kwa jina kamili la modeli. Kurasa chache za huo mwongozo zinazohusu modeli yako ni bora kuliko video ya modeli inayofanana.

Zima. Chomoa umeme na waya zote. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 20 ili umeme uliobaki uishe. Kama mashine yako ina chaja ya nje, kama ya laptopu, ndani hakuna umeme mkubwa. Kama waya wa ukutani unaingia moja kwa moja nyuma ya skrini, ndani kuna kisanduku cha umeme kinachoweza kushika chaji hata baada ya kuchomolewa. Usikifungue wala kukigusa.

Tandika blanketi safi mezani, lilaze skrini kifudifudi juu yake. Hakikisha hakuna skrubu wala punje ya mchanga chini. Wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu, mwili hubeba umeme tuli, ule unaokushtua kidogo unapogusa mlango wa gari. Gusa chuma cha ndani cha mashine kabla ya kushika kifaa chochote, na urudie kila unapoinuka na kurudi. Vua sweta la nailoni.

Mashine nyingi za ofisi huanza na mguu: skrubu chache au kitufe cha kubana, mguu unatoka. Kisha kifuniko cha nyuma, ambacho hushikwa na skrubu na vibanio vya plastiki. Tumia kadi ya zamani ya simu au ya benki kuvifungua kidogo kidogo kuzunguka ukingo. Kikikataa, acha kuvuta na utafute skrubu uliyoisahau. Mara nyingi imejificha chini ya stika au kizibo cha mpira. Weka skrubu kwenye karatasi uliyochora umbo la mashine, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu hutofautiana, na skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi.

iMac ni habari nyingine. Hufunguliwa mbele, kupitia kioo. Zile za mwaka 2009 hadi 2011 kioo chake kimeshikwa kwa sumaku. Umbo jembamba lililoanza mwisho wa 2012 limegandishwa kwa gundi ya ukanda, na ukilifungua bila ukanda mpya huwezi kulifunga vizuri. Zaidi ya hayo, baadhi ya iMac za zamani husoma joto kupitia diski ya awali, na ukiweka nyingine feni huvuma kwa nguvu muda wote. Hiyo mpe mtu aliyewahi kuifanya.

Ukiona diski, ni kisanduku cha chuma chenye stika, kimekaa kwenye fremu. Ipige picha kabla ya kugusa. Ina plagi mbili bapa zenye kona kama herufi L, moja ya data na moja ya umeme, au plagi moja iliyounganisha zote mbili. Shika plagi yenyewe, usivute waya. Na hapa simama: kama kwenye bayosi diski haikuonekana, zirudishe plagi zilezile kwa nguvu kidogo, washa, utazame tena. Waya uliolegea kwa mitikisiko ya safari ni jambo la kawaida, na dawa yake ni bure.

Kama bado, toa fremu, hamisha skrubu na vipande vya mpira, weka SSD ikitazama upande uleule, rudisha plagi. Ukiwa ndani, safisha feni kwa brashi laini huku umeizuia isizunguke. Vumbi jekundu lililojaa hapo linachangia kuua mashine kuliko tunavyofikiri. Kabla ya kufunga kifuniko chote, washa kwanza uone kama bayosi inaiona SSD.

Kurudisha mfumo

Kama mashine ilikuja na Windows 10 au 11 halali, leseni yake imefungamanishwa na bodi ya mashine. Kubadilisha diski hakuifuti. Weka toleo lilelile, ruka sehemu inayoomba namba, unganisha intaneti, nayo itajitambua. Kwa hiyo usilipie "Windows mpya", na usikubali programu za kuvunja leseni. Nyingi huja na virusi, na virusi hivyo vitahamia kwenye kila flashi ya makazi.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au mpya zaidi, au ya AMD ya rika hilo. Mashine nyingi tunazopewa hazifiki hapo. Kwa hizo, Linux Mint ni chaguo la kweli: ni ya bure, haidai leseni, inakuja na LibreOffice inayofungua mafaili ya Word na Excel, na unaweza kuichagulia Kifaransa ikiwa watumiaji wametoka Kongo. Wanafunzi huizoea ndani ya wiki moja. Watu wazima hulalamika kidogo, kisha huzoea nao.

Je, ni bora kuhamisha diski nzima kama ilivyo? Inawezekana kwa Clonezilla, ila ikiwa tu diski ya zamani inasoma vizuri na mpya si ndogo kuliko ya zamani. Kumbuka kwamba mfumo uliovurugika ukihamishwa unahamia na uvurugikaji wake.

Usimwachie fundi diski ya zamani

Jambo hili linatuhusu wakimbizi na wafanyakazi wa vikundi kuliko mwenye duka la kawaida. Diski iliyokufa kwako haijafa kwa kila mtu. Majina, namba za simu, namba za vitambulisho vya familia, orodha ya waliokuja kuomba msaada baada ya kupigwa nyumbani: vyote bado vimelala humo, na mafaili uliyoyafuta yanaweza kurudishwa. Mtu aliyekimbia watu wanaomtafuta hapaswi kuonekana kwa sababu diski iliuzwa kama chuma chakavu.

Kabla ya kuikabidhi, andika namba ya diski iliyoko kwenye stika na mtie saini wote wawili. Ikiwezekana, kaa ukitazama kazi inapofanyika. Dai diski irudi, hata kama fundi anasema ataitumia kwa vipuri. Sheria ya Uganda ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kikundi chako kinakusanya taarifa za watu.

Diski ambayo bado inasoma, ifutwe kwa programu inayoandika juu ya kila sehemu, kama nwipe. Iliyokufa, itobolewe kwa drili katika sehemu kadhaa zinazopita kwenye sahani. Ukitumia nyundo, ifunike kwa gunia na ulinde macho, maana sahani za diski ndogo mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande. Usiichome moto, moshi wake ni sumu, na usiitupe shimoni wanapocheza watoto.

Ikitokea diski yenye majina ya watu imepotea au imeibwa, usifiche. Waambie waliomo kwenye orodha, kiongozi wa wakimbizi wa eneo lako, na shirika lililowapa kompyuta. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya maoni na malalamiko ya wakimbizi, 0800 32 32 32.

Baada ya kuwaka

Chomeka kompyuta kwenye UPS, hata ndogo. Chaja nyingi za mashine hizi ni kati ya wati 90 na 150, na UPS ya kawaida itakupa dakika chache, zinazotosha kuhifadhi kazi na kuzima. Ukitumia sola, hakikisha inveta inaweza kubeba wati zilizoandikwa kwenye chaja pamoja na vingine vinavyowaka wakati huohuo. Kinyozi na kompyuta kwenye inveta moja ndogo havielewani.

Chagueni siku ya nakala. Ijumaa jioni mweka hazina ananakili folda ya hesabu kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo inalala nyumba nyingine, kwa sababu mwizi au moto ukiingia ofisini hauchagui. Kila baada ya miezi mitatu, fungueni faili moja kutoka kwenye nakala mwone kama linafunguka.

Nyuma ya skrini bandikeni karatasi yenye tarehe SSD ilipowekwa, aina na ukubwa wake, jina la aliyeiweka, na jina la anayetunza flashi ya Linux. Ifunikeni kwa seloteipu, wino usifutike.